Shajara ya mradi: kadi za tamathali za semi

Jumapili usiku

Haya, nimeanza rasmi. Mradi wenyewe mdogo tu, kadi za manila za ukubwa wa kiganja, kila kadi na tamathali yake (ile mbinu ya kupamba usemi), za hawa watoto wa tuisheni ninaowafundisha jioni hapa Tanga, form three na form four. Kilichonisukuma ni kwamba ukiwauliza tashibiha, ile ya kufananisha vitu, ni nini wanakujibu kabla hujamaliza swali, wamekariri vizuri kabisa, ila ukiwapa aya ya hadithi ukawauliza mwandishi amepata faida gani kuiweka hapo na si kwingine, kimya, kila mtu anaangalia daftari lake. Na mtihani hauulizi maana peke yake, unauliza mwandishi *alivyotumia* lugha, hilo "alivyo" ndo linawaangusha, wanaandika "ametumia tashibiha, mfano ukurasa wa kumi na mbili" wanaweka nukta wanahamia kwenye sitiari.

Kwa hiyo kadi zangu hazitakuwa na maana mbele. Mbele ni sentensi tupu. Nyuma kuna vitu vitatu: jina la tamathali, sentensi ileile ikiwa imenyang'anywa tamathali, halafu mstari mmoja wa kusema nini kimepotea. Nakiita kipimo cha kufuta, futa uone kama kuna mtu atalia.

Kipimo nilikijaribu kwanza kwenye ile hotuba ya Nyerere ya 1978, Idi Amin alipoingiza majeshi Kagera. Kila Mtanzania anaijua ile sehemu ya uwezo, sababu na nia, kila kimoja kinatajwa na "kumpiga" yake na kila kimoja kinafungwa na "tunao" au "tunayo". Ukifuta takriri, yaani huko kurudiarudia, unabaki na "tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga". Maana imebaki yote, hakuna taarifa hata moja iliyopotea, lakini hiyo ni sentensi ya karani anayeandika muhtasari wa kikao. Nikawasomea watoto zote mbili, kwa sauti, binti mmoja akasema "madam hiyo ya pili haitishi". Basi, hicho ndo nilichokuwa nakitafuta, na jibu lake nimeliandika nyuma ya kadi ya takriri kama alivyolisema, haitishi.

Jumanne

Tashibiha na sitiari, zile mbili ambazo kila mtu anadhani kazimaliza darasa la saba. Kanuni wanayoijua ni ya viunganishi, ukiona kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, basi ni tashibiha, ukiviondoa inakuwa sitiari. Sawa, lakini "kama" ni neno lenye kazi nyingi mno kuaminiwa hivyo. "Kama atakuja mwambie anisubiri" hapo hamna tashibiha, hilo ni sharti. "Asha ni mrefu kama dada yake" nayo si tashibiha, ni vipimo tu, unaweza ukawasimamisha ukutani ukahakikisha. "Asha ni mrefu kama mnazi" hiyo ndiyo, kwa sababu umetoka kwenye watu ukaenda kwenye miti, na ukimsimamisha Asha na mnazi ukutani wewe ndo mwenye shida.

Kwa hiyo kwenye kadi nimeandika: angalia kama vitu viwili vimetoka kwenye makundi tofauti. Kwa watoto hii imekaa vizuri kuliko orodha ya viunganishi. Na katika mashairi ya zamani wakikutana na "ja" wajue inafanya kazi ya kama, wengi wanaipita wakidhani ni kosa la chapa.

Tofauti ya nguvu kati ya hizi mbili ndo ngumu zaidi kuifundisha. "Yule bwana ni kama chui" bado unamwachia nafasi ya kuwa mtu. "Yule bwana chui" umemfungia. Kijana mmoja wa form three akauliza kwa nini mwandishi asitumie sitiari tu kila mahali kama ndiyo kali. Swali zuri. Nikamwambia mzee wa mtaani kwako ukimsema "ni kama chui" unaweza ukajitetea, ukimwita chui jiandae, na msimulizi wa hadithi naye ana watu anaowaogopa na watu asiowaogopa, angalia anatumia ipi kwa nani. Akacheka ila kaandika.

Jumatano

Tashihisi, kukipa kitu tabia za mtu. Hapa mjadala uliwaka, na chanzo ni simu. Mmoja akatoa mfano "simu yangu imekufa", mwingine akasema hiyo si tashihisi hiyo ni lugha ya kawaida, mwingine akaleta "gari limegoma kuwaka", wa nne akaleta "mguu wa meza".

Kipimo cha kufuta kikatusaidia. "Gari limegoma kuwaka" badilisha "gari haliwaki", nani kalia? Hakuna. Mguu wa meza huwezi hata kuufuta, hamna jina lingine la kile kijiti. Hizo ni sitiari zilizokufa, kama mdomo wa chupa na kichwa cha habari, zimetumika hadi hakuna anayeona tena mguu wala mdomo. Kwenye mtihani usipoteze wino. Lakini mwandishi akisema gari liligoma, likanuna, likataka kubembelezwa kwanza, hapo kaifufua, ule mgomo umekuwa mgomo kweli na dereva amekuwa mtu anayejadiliana na chuma. Tukakubaliana kadi ya tashihisi iwe na sentensi mbili pembeni kwa pembeni, mfu na iliyofufuka. Ndiyo kadi pekee yenye mifano miwili mbele, imejaa kidogo lakini iache ijae.

Alhamisi

Binamu yangu wa Mombasa kapiga, yeye anafundisha Kiswahili sekondari huko Kenya na nilikuwa nimemtumia picha za kadi wasapu. "Dada, hizi ni nzuri lakini za kwangu wakiziandika hivi watakatwa." Kweli kabisa. Sisi tunaandika tashibiha wao tashbihi, sisi mubaalagha (kutia chumvi) wao mara nyingi chuku, sisi tafsida (kupunguza ukali wa maneno) wao tasfida. Hayo madogo, mtu anayasamehe. Kubwa ni pale jina moja linapobeba mzigo tofauti. Majazi kwao ni mhusika kupewa jina linalobeba tabia yake, mchoyo anaitwa Mkono wa Birika moja kwa moja na mwandishi, na lakabu ni jina analobandikwa na wahusika wenzake au analojibandika mwenyewe. Hapa kwetu hilo somo la majina ya wahusika mara nyingi unalifundisha bila kulipa jina lolote, unasema tu "jina limesanifiwa".

Tukaongea hadi salio likaisha. Nimeamua kila kadi pembeni chini iwe na herufi ndogo, jina linalotumika upande wa pili wa mpaka, maana kuna watoto hapa wanasoma vitabu vya Kenya walivyoletewa na ndugu wakadhani ni tamathali mpya.

Ijumaa, baada ya swala

Ustadhi anayefundisha madrasa jirani kaziona kadi mezani akachukua ya kinaya, akaisoma, akaguna. Kwenye balagha ya Kiarabu (elimu ya ufasaha) aliyosoma yeye kinaya siyo mambo kugeuka kinyume, ni kusema kitu kwa kuzunguka, kutaja dalili ukimaanisha mwenye dalili. Mfano maarufu ni "mwenye majivu mengi", yaani mtu karimu: majivu mengi maana yake moto mwingi, moto mwingi maana yake kupika sana, kupika sana maana yake wageni hawakatiki. Umemsifu mtu bila kumtaja ukarimu hata mara moja. Mimi nilikaa na hiyo mifano ya majivu jioni nzima, tamu sana. Haiingii kwenye kadi ya mtihani lakini nimeiandika ndani ya bahasha ya kadi kwa atakayekuwa na hamu.

Jumamosi

Khanga za shangazi. Hii sehemu nilikuwa naisubiri.

Shangazi ana sanduku, na kila doti ina jina lake, yale maandishi ya chini, na anakumbuka alinunua ipi kumjibu nani. Nikamwambia nataka mifano ya tamathali akasema "mwanangu mimi sijui tamathali, mimi najua nani alikasirika". Haya basi.

Ya kwanza aliyoitandika: *Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu*. Dhahabu ni sitiari, adhabu nayo, lakini kinachofanya kazi hapo ni sauti, dhahabu na adhabu zinafanana masikioni hadi unahisi kosa la kuchanganya lilikuwa la haki, mtu yeyote angechanganya. Futa uandike "nilikudhani mwema kumbe msumbufu". Nani atanunua hiyo khanga?

Ya pili: *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Watoto waliposoma walikimbilia simba, wakasema sitiari. Siyo, simba hapo ni simba kweli, anaogopwa kwa meno. Mchezo uko kwenye ukinzani wa naogopa na siogopi, na meno na maneno kupishana silabi moja tu. Yaani sentensi imejengwa kukuambia kwamba maneno ni meno yaliyopungukiwa makali. Shangazi alivyosikia hayo maelezo akasema "mimi niliivaa siku ya harusi ya mwanawe, nikakaa mstari wa mbele", na hapo ndipo nilipoona kadi zangu zinakosa kitu kingine, nani anamwambia nani. Tamathali ile ile ikivaliwa nyumbani ni nguo, ikivaliwa mstari wa mbele ni risasi. Nimeongeza mstari wa nne nyuma ya kadi: inasemwa kwa nani.

Ya tatu, *Sisi sote abiria dereva ni Mungu*, sitiari safi isiyo na ugomvi, nimeichukua kwa kadi ya sitiari na nimemtoa chui.

Jumatatu

Tanakali sauti. Nilidhani nitamaliza nusu saa.

Pu, chubwi, ngo ngo ngo, tatatata ya bodaboda, hizo hazina tatizo, ni sauti zinazoigwa. Lakini mwanafunzi akaandika "nyeupe pe" na mwenzake akamwambia toa hiyo, weupe una sauti gani? Na kweli weupe una sauti gani? Giza totoro, giza linalia wapi? Kimya jii, hapo ndo kabisa, unaiga sauti ya kutokuwa na sauti. Lala fofofo, jaa pomoni, nyeusi tititi.

Hizi ni viigizi vilevile, zinafuata tabia zilezile, zinakaa mwisho, zinajirudia, zinavutwa mdomoni, ila kinachoigwa ni kiwango au hali, siyo mlio. Pe inakuambia weupe usio na doa. Totoro inakuambia usinyooshe mkono. Kwa hiyo jina "tanakali sauti" linawachanganya watoto wakidhani lazima kitu kilie. Walimu wengi wanazipokea zote kwenye kundi moja, nami nimeziacha kundi moja, lakini kadi ina swali: inaiga mlio au inaiga hali? Mwenye kujibu hilo atapata na la kuandika kuhusu matumizi. Mwandishi anayesema "chumba kilikuwa kimya jii" anakutaka usikilize, anayesema "chumba kilikuwa kimya" anakupa taarifa tu.

Tulicheza mchezo, mmoja anatoa kitenzi wengine wanatoa kiigizi, hawakutaka kwenda nyumbani.

Jumanne

Kejeli fupi. "Hongera umewahi kweli leo" kwa aliyechelewa. Wanaielewa kwa sababu wananisikia mimi kila siku saa kumi na moja. Kinaya (ya shuleni, siyo ya ustadhi) inahitaji mazingira, kijiji kimepitiwa juu na nyaya kubwa za umeme na wao wanasomea koroboi, hakuna mtu aliyesema neno lolote la kukejeli, hali yenyewe inasema. Kwenye kadi: kejeli ina msemaji, kinaya inaweza isiwe naye.

Tafsida walizitoa nyingi mno. Msalani, haja, kujifungua, mjamzito, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Niliwauliza tu nani analindwa, msemaji, msikilizaji, au anayesemwa? Kwenye msiba ni wafiwa. Kwenye "msalani" ni msemaji mwenyewe na aibu zake. Na kuna tafsida za maofisini ambazo zinamlinda bosi, "amepumzishwa kazi", hiyo nimeiweka kadi yake peke yake kwa sababu ni tafsida inayostahili kutiliwa shaka.

Alhamisi

Ushairi. Hapa kadi hazitoshi, nikatunga ubeti mmoja wa tarbia ili tuutumie kwa kila kitu:

Dereva punguza mwendo, abiria twaumia,
Kila tuta ni kishindo, mabegi yaruka pia,
Konda kasimama pondo, nje ananing'inia,
Utushushe kwa upendo, roho zetu twalilia.

Mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, cha kwanza ukwapi cha pili utao, mizani (silabi) nane kwa nane, kina, yaani sauti ya mwisho wa kipande, cha kati ni "ndo" na cha mwisho ni "a". Mshororo wa mwisho ukijirudia kila ubeti unaitwa kibwagizo. Hayo yanaingia haraka.

Kisichoingia haraka ni kuhesabu mizani. Mshororo wa tatu, utao: wengi walipata saba wakaniambia madam umekosea. Hesabuni na "nje". Wanasoma nje kama silabi moja, lakini ile n inasimama peke yake, n-je, mbili, sawa na n-chi, m-bu, m-bwa, n-ge. Neno likirefuka n inarudi kundini, ndu-gu ni mbili siyo tatu, mbu-zi mbili. Na m ya mtu au mkate inahesabiwa, m-tu, m-ka-te, ila ya mwana imeshikana na w, mwa-na. Tulipiga makofi kila silabi hadi jirani akachungulia. Sasa nje ikawa mbili, ananing'inia sita, nane kamili.

Pondo nalo liliwasumbua wasiokaa karibu na bahari, ni ule mti mrefu wa kusukumia ngalawa kwenye maji mafupi. Konda kasimama pondo, hamna kama hapo, sitiari, na ukiifuta ukaweka "konda kasimama wima" mizani inabaki sawa ila kina kinavunjika na ule mwili mwembamba uliochomekwa mlangoni unapotea.

Halafu likaja lile swali la kila mwaka, shairi lisilo na vina ni shairi? Niliwapa historia kidogo. Kaluta Amri Abedi, huyu ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwa wanamapokeo (wanaoshikilia kanuni za zamani) vina na mizani ndiyo uti wa mgongo. Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake 1974 ikiwa haifuati hizo, na ubishi ukawa mkubwa. Mimi msimamo wangu, na niliwaambia ni wangu, ni kwamba swali la mtihani likisema "thibitisha kuwa hili ni shairi" angalia kwanza mtunzi amechagua kuacha nini na ameweka nini badala yake. Asiye na vina anategemea takriri, mpangilio wa mistari, taswira. Kama hajaweka chochote badala yake, basi kaandika taarifa kwa mistari mifupi na tusimbembeleze.

Ijumaa

Wamenirudisha kwenye dhamira na ujumbe, jambo ambalo si tamathali hata kidogo lakini ndipo maksi zinapomwagika. Mfano wa haraka, hadithi yoyote ya fisi mlafi. Dhamira ni ulafi, yaani jambo linalozungumzwa. Ujumbe ni kwamba ulafi unamponza mwenyewe, yaani sentensi kamili yenye kitenzi. Ukiandika ujumbe kwa neno moja ujue umeandika dhamira. Nimewapa kadi ya rangi nyingine kabisa.

Jumapili

Ritifaa (kumsemesha asiyeweza kujibu kana kwamba yupo mbele yako) na swali la balagha (lisilosubiri jibu) nimeziweka pamoja kwa sababu ya utenzi mmoja, ule wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu mji wa Pate ulioanguka. Mshairi anauambia moyo wake mwenyewe uzinduke, anauita na kuukaripia kana kwamba umekaa mbele yake, halafu anawauliza matajiri wa Pate wako wapi, waliokuwa na taa na nyumba zilizong'aa. Shuleni ritifaa tunaifundisha kwa marehemu peke yake, "ewe baba uliyelala", watoto wanadhani lazima pawe na kaburi. Moyo nao unaitwa. Ukiyafuta maswali ukaandika "matajiri wa Pate wamekufa wote" unakuwa umemjibia msomaji, na mshairi alitaka msomaji ajijibu mwenyewe, tena alegee.

Zilizobaki ni tashtiti, taniaba, mjalizo na mdokezo. Mjalizo rahisi, nimepata mfano sokoni Mgandini, muuza mitumba anaita bila kiunganishi hata kimoja, shati suruali gauni blauzi mia tano mia tano, ukimwekea "na" kila mahali wateja wanapita. Mdokezo (kuiacha sentensi ikining'inia bila kuimaliza) nauacha wiki ijayo kwa sababu watoto wameanza kuweka nukta tatu kila sentensi wakiita ni mbinu. Kesho naenda stationari kuulizia bei ya kulaminisha, na binti wa "haitishi" kaomba yeye ndo aandike kadi zote kwa mkono wake, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, nimekubali.